Fumbo la Mjumbe wa Hurmuz

Nilijifunza Kispania nikiwa na miaka hamsini na minne, mezani kwa jirani yangu mjini Sur, Oman, mwaka niliostaafu ualimu. Jirani mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kispania aliyemfuata mumewe, mhandisi, aliyeajiriwa katika kiwanda kimoja nje ya mji. Tulikutana kwenye duka la mboga. Alikuwa anajaribu kumweleza muuzaji kwa Kiarabu cha vitabuni kwamba anataka bilingani ndogo, na muuzaji alikuwa ameshampimia vitunguu. Nikamsaidia. Wiki ile ile tukakubaliana: yeye atanifundisha Kispania, nami nitamfundisha Kiarabu wanachosema watu.

Mimi nilizaliwa Bujumbura, nikasoma kwa Kifaransa hadi nilipofika miaka tisa, ndipo wazee wetu wakarudi Oman. Kifaransa kile nilidhani kimeshanitoka. Kumbe kilikuwa kimejificha tu. Kispania kikaanza kuniingia kwa kasi iliyonishangaza mwenyewe, na kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nasoma gazeti na kubishana naye juu ya vitenzi.

Jirani yangu alikuwa amesomesha historia kwao kwa miaka mingi, na ujanani aliwahi kujifunza kusoma hati za zamani, zile zilizoandikwa kwa mwandiko wa kukimbia ambao hata Mspania wa leo akizitazama haoni neno. Alipochoka na upweke wa mji mgeni, alikuwa anafungua kompyuta yake na kusoma karatasi za wafalme wa kwao. Siku hizi karatasi hizo zimepigwa picha, na nyingi mtu anaweza kuzitazama popote alipo. Asubuhi moja aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa, "Unajua kwamba mji wako umo humu?"

Nikamwambia sielewi. Akanieleza, na tangu siku ile sikuwa na mazungumzo mengine.

Zama zile, mfalme wa Hispania alikuwa ndiye mfalme wa Ureno pia, kwa hiyo ngome za Wareno za Maskati na za kisiwa cha Hurmuz, mlangoni mwa ghuba, zilikuwa chini ya taji lake. Habari za pwani yetu zilikuwa zinavuka dunia kwenda kwenye baraza la mawaziri wake. Jirani yangu alilieleza baraza lile kana kwamba amelifanyia kazi. Barua ya mjumbe ikifika, katibu anaifungua, karani anaandika muhtasari mgongoni mwake, kisha mawaziri wanakaa na kila mmoja anatoa rai yake kwa zamu. Rai zote zinaandikwa, zinapelekwa kwa mfalme, na mfalme anaandika uamuzi wake pambizoni kwa mkono wake, mara nyingine maneno matatu tu. Kisha jibu linaanza safari ya kurudi. Anayeuliza swali Hurmuz anaweza kungoja miaka miwili apate jibu, na akilipata, mambo yameshageuka.

"Kwa hiyo waliandika kila barua mara mbili," akasema. "Nakala moja ilikwenda kwa meli, kuzunguka Afrika yote. Nyingine ilikwenda kwa nchi kavu, kupitia Basra na Halab ya Shamu. Moja ikipotea, nyingine ifike."

Barua aliyokuwa ameiona ilitoka kwa mjumbe mmoja wa mfalme aliyekaa Hurmuz kwa muda akingoja kuonana na watu wa mfalme wa Uajemi. Ilikuwa na kurasa mbili. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza palikuwa na salamu za kawaida kwa Kispania cha wazi, na neno Sur likionekana humo kama jina la mji alikotoka mtu fulani. Baada ya hapo, barua nzima ilikuwa tarakimu, herufi zenye mikia, nukta juu ya nukta, na vijialama kama ndoana za kuvulia. Ilikuwa imeandikwa kwa fumbo, ili anayeiteka njiani asipate kitu.

Nilisogeza kiti mpaka magoti yangu yakagonga meza. Nilikaa miaka thelathini nikisomesha Kiingereza, naipenda kazi ile, lakini sikumbuki siku hata moja ambayo ubao ulinipandisha damu kama alama zile.

"Inasomeka?" nikamwuliza.

"Ukurasa wa kwanza, ndiyo. Tazama hapa juu ya mistari."

Karani wa baraza alikuwa ameandika maana juu ya karibu kila mstari wa ukurasa wa kwanza, kwa wino mwingine, mwandiko mdogo kama wa mtu anayebana nafasi. Ukurasa wa pili ulikuwa mtupu. Alama tu, hakuna maana juu yake. Jirani yangu alidhani karani aliandika maana ya ukurasa wa pili kwenye karatasi ya peke yake, na karatasi hiyo haikuwapo tena pamoja na barua.

Basi tukaamua kuutumia ukurasa wa kwanza kuufungua wa pili.

Kazi ile ilituchukua wiki tano. Kila asubuhi, wanaume wakiwa makazini, nilikwenda kwake na daftari la miraba na kalamu za rangi nne. Alama moja, herufi moja, tunaandika kwenye jedwali. Tuligundua kwamba herufi moja ilikuwa na alama tatu au nne tofauti, ili mtu asiweze kuzihesabu na kuzikisia. Tuligundua kwamba baadhi ya maneno hayakuandikwa kwa herufi hata kidogo: mfalme alikuwa alama moja, kama msalaba wenye mguu, Uajemi alama nyingine, baraza lenyewe lilikuwa tarakimu yenye kitone juu. Nilikuwa narudi nyumbani vidole vimejaa wino na kichwa kinavuma. Mume wangu aliniuliza kama nimepata kazi mpya. Nikamwambia, nimepata kazi kwa mfalme wa Hispania. Akanitazama, akaendelea kula.

Asubuhi tuliyoanza ukurasa wa pili sikunywa hata chai. Jirani yangu alisoma alama, mimi nikatafuta kwenye jedwali na kuandika herufi. Neno la kwanza likatoka. La pili likatoka. La tatu lilikuwa limekatika katikati, tukarudi, tukaona tumekosea nukta, likatoka. Mistari saba ikasimama mbele yetu kwa Kispania safi. Mjumbe alikuwa anawaambia mawaziri kwamba manahodha wawili wa ngome wameacha kusemezana, na kila mmoja anaandika kwa mfalme kana kwamba mambo ni shwari. Watu wa Uajemi, akasema, wameshachoka na ahadi zisizo na tarehe.

Jirani yangu aliinuka akaenda dirishani, akarudi, akaketi. "Endelea," akasema. "Tusisimame sasa."

Tukaendelea, na hapo mambo yakaharibika.

Mstari wa nane ulizungumza habari za mjane mwenye kuku wawili. Mstari wa tisa ulikuwa na kengele, viatu vya mtoto na theluji itakayoanguka mwaka ujao. Kisha barua ikarudi kwenye akili yake, ikasema jambo la maana juu ya mtu mmoja wa Sur, halafu ikaingia tena kwenye pipa la zeituni na shemeji mwenye homa.

Tulitazamana. Jirani yangu akasema jedwali letu ni baya. Nikasema haiwezekani, maana maneno yenyewe ni Kispania kamili. Jedwali baya lingetupa upuuzi wa herufi, si kuku. Akasema basi mjumbe alikuwa mgonjwa. Joto la Hurmuz lilimwua Mzungu zaidi ya mmoja, na huenda huyu aliandika akiwa na homa yeye mwenyewe, si shemeji yake. Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu alikunja daftari na kusema labda tumefika mwisho wa kile ambacho watu wawili wasio na ujuzi wanaweza kufanya. Alisema kwa upole, lakini niliona amevunjika moyo, nami nilivunjika pia, kwa sababu yule mtu wa Sur alikuwa pale, mstari wa kumi na mbili, amefungiwa kati ya kuku na zeituni.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nakwenda Ibra kumtazama mama yangu, nikamchukua jirani yangu ili abadilishe hewa. Mama anakaa kwa kaka yangu. Ana miaka sabini na tisa, magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake haujaguswa na uzee. Alizaliwa Unguja mjini na anakisema Kiswahili cha huko cha zamani. Wajukuu wakimwambia "kitabu yangu" huwasahihisha hapo hapo, hata wakiwa kwenye simu.

Tulimkuta jikoni amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, anasimamia mkate wa kumimina uliokuwa unapikwa na dada wa kazi, binti wa Tanga, ambaye wamezoeana kiasi cha kugombana bila kukasirikiana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na huyu mgeni, mbona umenletea bila kunambia? Ningevaa kanga ya maana."

Jirani yangu alimbusu mkono kama nilivyomfundisha, akamwambia kwa Kiarabu kwamba kanga aliyovaa ni nzuri. Mama akafurahi, akaamuru apewe kiti karibu yake.

Baada ya chakula, kaka yangu na watoto wake walitoka kwenda shambani kutazama zamu yao ya maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia. Tukabaki wanawake watatu ukumbini na kahawa. Mama aliona daftari likichungulia mkobani mwangu, akauliza ni nini kile chenye rangi kama kazi ya chekechea. Nikamweleza yote: mfalme, baraza, mjumbe, fumbo, nakala mbili. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja. Nilipofika kwenye nakala mbili aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za mtaa wake.

"Nisomee," akasema. "Kwa Kiswahili."

Nikamsomea ukurasa wa pili, nikitafsiri mstari kwa mstari. Manahodha wawili. Watu wa Uajemi. Kisha mjane na kuku wake, kengele, viatu, theluji. Nilikuwa nasoma kwa aibu kidogo. Nilipomaliza, mama aliweka kikombe chini.

"Na nyinyi mnasema huyu mtu kaugua?"

"Tulidhani hivyo, mama."

"Hajaugua. Ana akili kuliko nyinyi. Hayo ya kuku si ya kusoma."

Nilimfasiria jirani yangu. Akaniambia nimwulize, kwa nini mtu aandike kitu kisicho cha kusomwa.

Mama akacheka, kicheko kile cha kifuani ambacho hukitoa mara chache. Kisha akaanza kusimulia jambo ambalo mimi, mwanawe wa kwanza, sikuwahi kulisikia hata siku moja.

Baada ya mapinduzi, baba alitangulia kwenda Bujumbura kwa kaka yake mkubwa, naye mama akabaki Unguja kwa wazee wake, bi harusi wa miezi minne. Barua zilikuwa zinafunguliwa njiani. Kila mtu alijua. Basi baba kabla ya kuondoka akapatana naye. Atamwandikia kila habari mara mbili: barua moja kwa posta, nyingine mkononi mwa msafiri kupitia Kigoma, na ipi itafika kwanza Mungu ndiye ajuaye. Na ndani ya barua, popote atakapoandika "nakusalimu tena na tena", yanayofuata si ya kuyatia maanani, mpaka afike kwenye maneno "na nirudi kwenye habari". Kati ya hapo na hapo anaandika lolote linalomjia.

"Anaandika nini?" nikauliza.

"Mambo ya kipuuzi. Bata wa jirani. Meno ya binamu yangu. Barua moja aliandika ukurasa mzima juu ya cherehani iliyoharibika, na sisi hatukuwa na cherehani. Yule anayefungua barua anasoma, anasoma, anachoka. Anasema huyu mwanamume anamlilia mkewe tu, mwacheni. Mara moja nikasahau alama. Nikavaa buibui langu, nikaenda mtaa wa Malindi kumpa pole binamu yangu kwa meno yake. Nimemkuta anatafuna muwa."

Jirani yangu, nilipomaliza kumfasiria, alikuwa ameshika mkono wa mama bila kujua kwamba ameushika.

"Na ya kweli yalikuwa nini?" akauliza kwa Kiarabu chake. Mama alimwelewa.

"Ya kweli yalikuwa machache. Kwamba yu hai. Kwamba kapata kazi. Na barua ya mwisho ilikuwa na siku, na jina la mtu atakayenipitia. Mstari mmoja tu, katikati ya cherehani na bata. Nikausoma, nikauweka kichwani, nikaichana barua, nikaitia kwenye jiko la mkaa. Siku ile nikatoka nyumbani na kikapu kama naenda sokoni."

Mimi nilikuwa natazama mikono yake. Baba alifariki miaka kumi na moja iliyopita, na katika miaka yote aliyoishi sikuwahi kumsikia akitaja barua hizo. Nilimwuliza mama mbona hakutuambia.

"Mliuliza?" akasema. Kisha akaligonga daftari kwa kidole. "Tafuteni alama yake. Lazima aliweka alama, mwanzo na mwisho. Hakuweza kumwachia mwenziwe abahatishe."

Hatukungoja kurudi Sur. Tulitandaza picha za barua tulizozichapa, zilizokuwa ndani ya daftari, kwenye zulia la ukumbi, jirani yangu akapiga magoti kando yake. Mstari wa nane, kabla tu ya mjane, palikuwa na moja ya zile alama za ndoana. Tulikuwa tumeiandika kwenye jedwali kwa alama ya kuuliza. Mwisho wa mstari wa tisa, baada ya theluji, ndoana ile ile, imegeuzwa kichwa chini. Kabla ya pipa la zeituni, ndoana. Baada ya shemeji, ndoana imegeuzwa.

Moyo ulikuwa unanienda mbio hadi nikaona haya. Nikasema twende ukurasa wa kwanza, kwa sababu kama mama amesema kweli, karani naye alijua, na asingejisumbua kufasiri upuuzi. Kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na doa kubwa la maji upande wa kushoto, na juu ya mistari miwili karibu na doa hapakuwa na maana yoyote. Siku zote tulidhani maji yamefuta wino wa karani. Jirani yangu akaikuza picha kwenye kompyuta yake, aliyokuja nayo mkobani, mpaka nyuzi za karatasi zikaonekana. Ndani ya doa, hafifu, palikuwa na ndoana. Baada ya mistari miwili, ndoana imegeuzwa. Karani hakuandika kitu kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuandika.

Jirani yangu alikaa chini kwenye zulia, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Mama akamwambia dada wa kazi amletee maji, maana alidhani amepatwa na kizunguzungu.

Tulifuta kuku, kengele, viatu, theluji, zeituni na shemeji. Kilichobaki kilisomeka moja kwa moja, bila kukwama. Nikakisoma kwa sauti, kwa Kispania kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya mama. Mjumbe anawaomba mawaziri waamue haraka, hata kwa neno moja, kwa sababu kukaa kimya nako ni jibu na Waajemi wanalisoma hivyo. Kisha anasema kwamba barua hii ameikabidhi kwa mtu wa Sur, ambaye ameshamchukulia barua mara mbili bila kuzifungua wala kuzipoteza, na kwamba yuko njiani kuelekea Maskati. Anaomba mtu huyo aandikiwe hati ya mfalme, ili nahodha yeyote wa pwani asimzuie wala kumpekua.

Mama alitaka nirudie hapo pa mwisho. Nikarudia.

"Jina lake?" akauliza.

Jina hakuliandika. Mama akasema amefanya vyema. Mchukuzi wa barua hatajwi.

Tuliporudi Sur jioni ile, jirani yangu alizungumza njia nzima, kutoka Ibra mpaka Al Kamil, Kispania na Kiarabu vimechanganyika, nami nikiendesha na kucheka. Kesho yake tuliandika kwa hifadhi ya nyaraka inayotunza barua ile. Tulieleza tulivyofanya, tukaambatisha jedwali na usomaji wetu, na tukauliza kwa adabu kama karatasi ya karani ya ukurasa wa pili iliwahi kuonekana popote. Sikutarajia jibu. Sisi ni nani? Mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu, na mke wa mhandisi.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili na nusu. Nilikuwa Nizwa kwa binti yangu, aliyekuwa amejifungua siku nne tu kabla, nimempakata mjukuu wangu, simu ikalia. Jirani yangu hakusalimu. Alisema, "Wameipata," kisha akaanza kulia, nami nikaanza kulia, na binti yangu akatoka chumbani akidhani kuna msiba.

Mtaalamu mmoja wa pale alikwenda kutafuta katika mabunda ya mwaka uliofuata, akawaza kwamba huenda karatasi ilitolewa mawaziri walipokutana na haikurudishwa ilikotoka. Akaikuta imekunjwa ndani ya karatasi nyingine. Akatutumia picha za zote mbili.

Nilimwomba jirani yangu asizifungue mpaka niwepo. Akaniahidi, na alitimiza, ingawa aliniambia baadaye kwamba alikuwa ananawa uso mara tatu kwa siku ili asiiguse kompyuta. Niliacha vyungu vya supu ya uzazi vya siku tatu kwenye friji ya binti yangu, mumewe akachukua likizo, nami nikaendesha kutoka Nizwa. Niliposhika njia ya Ibra sikuzuia moyo, nikapita kumchukua mama. Hajafika Sur miaka mingi kwa sababu ya magoti yake. Nilipomwambia karatasi ya karani imepatikana alikwisha simama, anatafuta viatu.

Tukakaa watatu mezani kwa jirani yangu. Alifungua picha ya kwanza. Mwandiko ule ule mdogo wa kubana, tuliouzoea kama mwandiko wa ndugu. Tulilinganisha neno kwa neno, yeye akisoma la karani, mimi nikisoma letu, na kila yalipolingana mama alipiga meza kidogo kwa kiganja. Kuku hawakuwemo. Theluji haikuwemo. Karani aliruka moja kwa moja kutoka kwa Waajemi waliochoka hadi ombi la jibu la haraka, kama tulivyoruka sisi.

Tulikosea mahali pamoja. Ile alama moja iliyosimama badala ya jina la mji, tuliyoikisia kuwa Maskati, karani aliandika Basra. Mtu wa Sur alikuwa anapanda juu kabisa, mpaka mwisho wa ghuba, na barua mkononi. Ndiyo nakala iliyopita nchi kavu. Ile tuliyokuwa tunaitazama.

Picha ya pili ilikuwa karatasi ya baraza lenyewe, rai za mawaziri. Wanne walikuwa wamekaa siku ile. Watatu walisema mengi juu ya Hurmuz na manahodha, na wote watatu, kwa maneno tofauti, walitaka kungoja taarifa zaidi. Wa nne alikubaliana nao, kisha akaongeza sentensi moja kwamba ombi la mjumbe juu ya yule mtu wa Sur ni la haki, na lisingoje mengine. Pambizoni, kwa mwandiko mkubwa wa kuchoka, mfalme alikuwa ameridhia rai ya baraza, na chini yake, kwa maneno machache, ameridhia ile ya wa nne.

Niliisoma mara mbili kwanza kimya, kisha kwa sauti. Mama alitoa leso, akajipangusa uso, akaniuliza kama hati ile ilimfikia mwenyewe.

Jirani yangu akasema hatujui. Labda ilifika, labda ilizama na meli, labda ilifika amekwisha kufa. Ataendelea kutafuta.

"Tafuteni nakala ya pili," mama akasema. "Hati kama hiyo hawawezi kuituma kwa nakala moja tu."

Sasa tumo katika mabunda ya miaka mitatu inayofuata. Mkataba wa mhandisi umeongezwa mwaka mmoja, na mama ameletwa akae kwangu mpaka Ramadhani, kwa hiari yake, akisema Ibra ni mbali na kazi. Asubuhi tukianza anakaa kichwani mwa meza na kahawa yake. Alfabeti ya Kispania haijui, ila ameshaijua ndoana, na akiiona kwenye picha hutunyooshea kidole kabla yetu. Jana alituonyesha mbili.